Sifongo hana neva: je, akikatwa anaumia, na neva za wanyama wengine zilitoka wapi?

Swali: "Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Jambiani, Unguja. Mama yangu ni mmoja wa akina mama wanaolima sifongo baharini. Humkata sifongo kwa kisu vipande vipande, kila kipande hukifunga kwenye kamba, na baada ya miezi kila kipande kinakuwa sifongo kamili. Darasani tumefundishwa kwamba sifongo ni mnyama lakini hana neva. Je, akikatwa anaumia? Na kama yeye hana neva, wanyama wengine walizipata wapi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili yanayoshikana, na la pili ni kati ya maswali makubwa kabisa ya biolojia ya leo.

Nianze na kisu. Sifongo akikatwa haumii kwa namna unavyoumia wewe ukijikata kidole. Ili maumivu yawepo, lazima kuwe na seli za kupokea habari za jeraha, seli za kuisafirisha habari hiyo, na mahali pa kuipokea hadi igeuke kuwa uchungu. Sifongo hana hata kimoja kati ya hivyo. Mama yako asiwe na wasiwasi.

Lakini usije ukasema kwamba sifongo hahisi kitu. Yupo sifongo wa maji matamu anayeitwa Ephydatia muelleri, ambaye amechunguzwa kwa makini sana na Sally Leys na wenzake huko Kanada. Ukimtikisa, au ukimwagia majini chembe za wino, mifereji yake ya ndani huvimba polepole, kisha mwili mzima hujikamua na kutoa uchafu nje. Watafiti wanaiita chafya. Ni chafya ya dakika nyingi, lakini ina mpangilio: inaanzia mahali, inasambaa, inaisha. Na kinachoianzisha ni glutamati, kemikali ileile ambayo seli za ubongo wako zinaitumia kuamshana sasa hivi unaposoma. Ukimwekea GABA, ambayo ubongoni kwako hutuliza, chafya inazuilika. Mnyama hana neva hata moja, lakini lugha ya kemikali anayoisema ni yetu.

Kuhusu vile vipande kuota tena, siri iko kwenye seli zinazotembeatembea ndani ya mwili wa sifongo, ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli ya aina nyingine panapohitajika. Mwaka 1907 Mmarekani Henry Van Peters Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa chembamba cha hariri hadi seli zake zikatawanyika majini, mojamoja na kwa vijikundi. Hazikufa. Zilitambaa chini ya chombo, zikakutana, zikashikana, na baadaye zikajenga sifongo wapya. Mwili usio na kitovu cha uongozi hauna cha kupoteza unapogawanywa.

Sasa tuje kwenye asili ya neva. Kosa ninaloliona mara nyingi, hata kwenye vitabu, ni kudhani kwamba siku moja mnyama fulani alizaliwa na kitu kipya kiitwacho neva, na waliotangulia hawakuwa na dalili yake yoyote. Sivyo. Seli ya neva inafanya kazi kama tatu: inabadilisha umeme kwenye utando wake, inamwaga kemikali mahali maalumu, na inapokea kemikali za wenzake. Kila moja ya kazi hizi ni ya kale kuliko neva yenyewe, na nyingine ni za kale kuliko wanyama.

Chukua umeme kwanza, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu chanzo chake ni maji hayohayo ya bahari yanayokuzunguka. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu. Ndani ya seli hai, kalsiamu iliyo huru ni pungufu yake kwa mara kama laki moja. Tofauti kubwa hivyo inatokana na ukweli kwamba kalsiamu ikizidi ndani ya seli hushikana na fosfati, na fosfati ndiyo inayobeba nishati ya seli na kujenga uti wa DNA. Kwa hiyo tangu zamani sana kila seli ililazimika kupiga pampu usiku na mchana kuitoa kalsiamu nje. Seli ikitoboka, kalsiamu inaingia kwa kishindo, na seli iliyoweza kuugundua mmiminiko huo na kuziba tundu haraka ndiyo iliyopona. Hivyo kitu kilichokuwa hatari kikawa pia taarifa. Baada ya hapo kilichohitajika ni milango ya protini kwenye utando, inayofunguka kwa mguso au kwa mabadiliko ya volteji, ili seli iweze kuruhusu kalsiamu kidogo iingie kwa makusudi bila kusubiri jeraha.

Ukipata hadubini shuleni, chota maji ya dimbwi yenye majani yaliyooza utafute paramesiamu. Ni seli moja tu, yenye vinywele vingi vya kuogelea. Mwangalie anapogonga kitu kwa mbele: anarudi nyuma, anageuka kidogo, anaondoka upande mwingine. Mwaka 1969 Yutaka Naitoh na Roger Eckert walieleza kinachotokea. Mguso wa mbele unafungua milango, kalsiamu inaingia, volteji ya utando inabadilika ghafla, na vinywele vyote vinapiga kinyume. Huo ni mpigo wa umeme wa aina ileile ya jumla unaopita kwenye neva zako, ndani ya kiumbe ambaye si mnyama kabisa na hana ndugu wa karibu mwenye neva. Milango ya sodiamu ambayo neva zetu huitumia kurusha umeme kwa kasi ina umbo la ndugu wa milango ya kalsiamu, na imekutwa hata kwa koanoflajelati, viumbe wa seli moja ambao ndio jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wote waliopo leo.

Kazi ya pili ni kumwaga kemikali. Kemikali za neva hukaa ndani ya vifuko vidogo sana, na protini maalumu huvivuta vifuko hivyo hadi vigusane na utando na kumwaga kilichomo. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2013 ilitolewa kwa watu watatu waliofumbua jambo hili. Mmoja wao, Thomas Südhof, alifanya kazi kwenye seli za ubongo. Mwingine, Randy Schekman, alifanya kazi kwenye hamira, ndiyo hiyohiyo ya kuumulia maandazi. Jeni alizozikuta Schekman kwenye hamira zina ndugu zao kwenye ubongo wako. Hamira haina habari za kumpelekea mtu. Inavitumia vifuko hivyo kutoa protini nje na kukuza utando wake. Neva ilichukua kazi ya kila siku ya seli yoyote na kuipa wakati na mahali.

Ya tatu ni kupokea. Pale seli mbili za neva zinapokutana, mahali tunapopaita sinapsi, upande wa kupokea umejaa protini zilizopangwa kama jukwaa la kushikilia vipokezi. Mwaka 2007 maabara ya Kenneth Kosik huko Santa Barbara, Marekani, iliwatafuta wazazi wa protini hizo ndani ya Amphimedon queenslandica, sifongo wa Mwamba Mkuu wa matumbawe wa Australia. Karibu seti nzima ilikuwemo. Mnyama asiye na sinapsi hata moja ana vifaa vingi vya kuijengea sinapsi.

Kama vifaa vyote vilikuwepo, kitu gani basi kilikuwa kipya? Jibu langu ni mpangilio ndani ya seli moja. Na hapa swali la neva linakuwa swali la aina za seli kwa ujumla. Seli ya ngozi yako na seli ya ubongo wako zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa, na zinazoamua hivyo ni kundi dogo la jeni za usimamizi. Aina mpya ya seli inazaliwa pale kundi fulani la wasimamizi linapozoea kuwasha seti fulani ya vifaa kwa pamoja, bila kuingiliwa na seti za seli nyingine. Detlev Arendt wa Heidelberg, Ujerumani, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba aina za seli zina ukoo kama walivyo nao viumbe: seli moja ya kale iliyofanya kazi nyingi huzaa dada wawili, kila mmoja akabaki na sehemu ya kazi. Ukipita maji yenye konyeza akakuwasha, seli iliyokuchoma ni dada wa karibu wa seli ya neva. Kwa Nematostella, anemoni mdogo, jamaa wa konyeza, anayefugwa maabara nyingi, seli za neva na seli za kuchoma hutoka kwenye seli mama za aina moja.

Huenda ukadhani kwamba kabla ya wanyama kila seli ilikuwa na sura moja tu. Mfano ninaoupenda kuhusu hilo ni Capsaspora owczarzaki, jamaa mwingine wa wanyama mwenye seli moja. Aligunduliwa ndani ya damu ya konokono wa Amerika wa jenasi ya Biomphalaria, jenasi ileile ya konokono wanaobeba kichocho cha tumbo kando ya Ziwa Victoria. Kiumbe huyu katika maisha yake huwa mara seli inayotambaa kwa vidole virefu, mara kundi la seli zilizoshikamana, mara kifuko kigumu kisichosogea, na kila hatua inawasha jeni zake. Kwa hiyo uwezo wa kuwa seli za aina tofauti ulikuwepo, ila kwa zamu. Mnyama alichofanya ni kuzishika sura hizo zote kwa wakati mmoja ndani ya mwili mmoja. Wazo hili lilitolewa na mwanazoolojia wa Kisovieti Aleksei Zakhvatkin mwaka 1949, na ushahidi wa jeni wa miaka ya karibuni umelipa nguvu ambayo yeye hakuwa na njia ya kuipata.

Tumrudie sifongo tukiwa na macho hayo. Mwaka 2021 kikundi cha Arendt kilitoa uchambuzi wa seli mojamoja za Spongilla lacustris, sifongo wa maji matamu, na kukuta aina 18 za seli. Miongoni mwake kuna seli ndogo zinazokaa karibu na vyumba vya kulia chakula. Zimejaa vifuko, na zina mikono mirefu inayogusa zile seli zenye kola na mjeledi ambazo huvuta maji na kunasa bakteria. Jeni za kumwaga kemikali zimewashwa kwenye seli ndogo, na nyingi za jeni za lile jukwaa la kupokea zimewashwa kwenye seli za kola. Yaani vifaa vya sinapsi vipo, lakini vimegawanywa kwa seli mbili tofauti, na inaonekana kazi yao ni kusimamia ulaji na usafi wa vyumba. Kwangu hii ndiyo picha iliyo karibu zaidi na hali ya kabla ya neva, ingawa sifongo wa leo naye amekuwa akibadilika kwa miaka ileile tuliyobadilika sisi. Asichukuliwe kama babu yetu aliyegandishwa. Wako sifongo wa kioo katika pwani ya Pasifiki ya Kanada, Rhabdocalyptus dawsoni, ambao sehemu kubwa ya mwili wao ni seli zilizoungana kuwa utando mmoja usio na mipaka ya seli. Mwaka 1997 Leys na George Mackie walirekodi umeme ukipita mwilini mwake kwa kasi ya sentimita 0.27 kwa sekunde, na ukipita, usukumaji wa maji unasimama mwili mzima. Ametatua tatizo la mawasiliano kwa njia yake, bila neva.

Mnyama anayefundisha zaidi kuhusu hatua inayofuata, kwa maoni yangu, ni Trichoplax adhaerens. Franz Eilhard Schulze alimkuta mwaka 1883 kwenye kioo cha tangi la maji ya bahari huko Graz, Austria. Ni bapa, upana wake ni milimita chache, unene ni kama sehemu ya arubaini ya milimita. Hana mdomo, tumbo, misuli wala neva. Anateleza juu ya mwani kwa vinywele vya chini, akifika penye chakula anasimama na kukiyeyusha papo hapo. Anajuaje kusimama? Seli fulani humwaga peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, na peptidi hizo zikiwafikia majirani, vinywele vinaacha kupiga. Ukimwekea peptidi hizo wewe mwenyewe kwenye maji, anasimama hata kama chakula hakipo. Mwaka 2023 watafiti wa Barcelona walionyesha kwamba seli hizo za peptidi zinakua kwa mpango wa jeni unaofanana sana na ule unaotengeneza seli za neva za anemoni na za wanyama kama sisi. Upande wa kumwaga uko karibu kamili. Upande wa umeme wa kasi na wa sinapsi ndio haujakusanywa.

Njia ya Trichoplax inafanya kazi kwa sababu yeye ni mwembamba mno. Kemikali ikisambaa yenyewe majini, umbali ukiongezeka mara 10, muda unaongezeka mara 100. Kwenye umbali wa seli chache ni muda mfupi sana. Kwenye milimita ni dakika nyingi. Tena kemikali iliyomwagwa hadharani inamfikia kila aliye karibu, kwa hiyo kila ujumbe unahitaji kemikali yake ili usichanganyike na mwingine. Mwili ukinenepa na kurefuka, seli ya peptidi ina njia moja nzuri ya kutoka: kurefusha mkono wake hadi kwa mlengwa, kupeleka umeme ndani ya mkono huo, na kumwaga kemikali mlangoni kwake tu. Hapo unayo neva. Gáspár Jékely ndiye aliyelieleza wazo hili la ubongo wa kemikali uliotangulia ubongo wa nyuzi, na sijaona jingine linaloeleza mambo mengi kwa dhana chache hivyo.

Linabaki suala la neva zilianza mara ngapi, na hapa wataalamu hawajakubaliana. Kiini cha mgogoro ni tenofora, wanyama laini kama konyeza lakini wasiochoma. Wana safu nane za vitana vya vinywele vinavyopiga kwa mpigo na kutawanya rangi za upinde wa mvua. Tenofora wana neva, wana misuli, wanawinda. Kwa muda mrefu waliwekwa karibu na konyeza kwenye ukoo wa wanyama. Mwaka 2013 jenomu, yaani seti nzima ya jeni, ya tenofora Mnemiopsis leidyi, na mwaka 2014 ya Pleurobrachia bachei, zikalipa nguvu pendekezo la kushtua: kwamba tenofora ndio waliotengana na wanyama wengine wote mwanzo kabisa, kabla hata ya sifongo.

Ubishi ulikuwa mkali, kwa sababu kulinganisha herufi za jeni zilizoachana zaidi ya miaka milioni 500 ni kazi yenye mitego. Mwaka 2023 Darrin Schultz na wenzake walipita njia nyingine. Walitazama ni jeni zipi zinakaa pamoja kwenye kromosomu. Walikuta makundi ya jeni ambayo kwa tenofora na kwa jamaa wa seli moja yako kwenye kromosomu tofauti, lakini kwa sifongo, konyeza na wanyama kama sisi yameungana na kuchanganyika. Ukishatwanga iliki na mdalasini kwenye kinu kimoja, huwezi tena kurudisha kila kimoja kwake. Kwa hiyo hali ya kutochanganyika ndiyo ya mwanzo, na tenofora wamebaki nayo kwa sababu walitoka mapema. Wapo wanaoendelea kuchambua jeni na kumrudisha sifongo kwenye nafasi ya kwanza, na hoja zao si za kupuuzwa, lakini mimi ushahidi wa kromosomu ndio ulionishawishi.

Ukiukubali, unabaki na njia mbili: ama neva zilikuwepo tangu mwanzo, kisha sifongo na Trichoplax wakazipoteza, ama zilitengenezwa mara mbili, kwa tenofora peke yao na kwa wengine peke yao. Neva za tenofora zenyewe ni za ajabu. Serotonini, dopamini na asetilikolini, wajumbe wa kawaida kwetu, hazionekani kuwa wajumbe wao. Na mwaka huohuo wa 2023 Pawel Burkhardt na wenzake walionyesha kwamba kwenye tenofora wachanga sehemu ya wavu wa neva haina mipaka ya seli kabisa, nyuzi zimeungana kuwa utando mmoja. Hilo ndilo mwanasayansi wa Italia Camillo Golgi alilodai kuhusu ubongo wote, wakati Mhispania Santiago Ramón y Cajal akishikilia kwamba kila neva ni seli yake. Waligawana Nobel ya 1906 wakiwa bado wanapingana. Kwa karibu kila mnyama aliyechunguzwa, Cajal ndiye mwenye haki. Kwa wavu huo wa tenofora, picha ya Golgi ndiyo iliyokutwa.

Msimamo wangu ni kwamba "mara moja au mara mbili" ni swali lililounganisha mambo mawili yanayopaswa kutengwa. Seli ya kumwaga peptidi naamini ilianza mara moja, kwa babu wa wanyama wote, kwa sababu tunaikuta kila tunapoangalia, na neva za tenofora nazo zimejaa peptidi. Mikono mirefu, umeme wa kasi na sinapsi naona vilikusanywa juu ya seli hiyo mara mbili, kwa vifaa vilevile vya zamani, na ndiyo maana vinafanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Kitakachoamua ni zile jeni za usimamizi. Ikiwa kundi la wasimamizi linalowasha neva za tenofora litakutwa kuwa lilelile linalowasha neva za konyeza na zetu, mpaka kwenye sinapsi, basi nitakuwa sina hoja. Kazi ya kuwalinganisha seli kwa seli inaendelea sasa katika maabara kadhaa, na ukisoma biolojia hadi chuo kikuu utaikuta bado ina nafasi ya mtu kama wewe.